Friji ya R134a au ya R600a: ipi inafaa Lubumbashi?
Anayeinama nyuma ya friji dukani, Lubumbashi, husoma kwenye kibandiko cha kompresa jina la gesi ya kupozea iliyomo: R134a au R600a. Zote mbili, tofauti na gesi ya zamani R12 iliyoondolewa kwa Itifaki ya Montreal ya 1987 (mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni), haziharibu ozoni ya stratosfia (tabaka la juu la angahewa) inayotukinga na miale mikali ya jua. Kwa joto la dunia R600a inashinda mbali, kwani kilo moja ya R134a hupasha angahewa joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo ya kabonidioksaidi katika miaka 100. Lakini R600a hushika moto, na fundi akichomea bomba kabla ya kuitoa, huhatarisha maisha. Mwenye fundi aliyefunzwa achukue R600a. Anayetegemea fundi wa mtaani aliyezoea R134a atatengenezewa hiyo kwa usalama zaidi.