TAHADHARI: "Biarritz" ya 1959 inayouzwa Arizona si Biarritz

Jamani, lile gari jekundu la Cadillac, la paa la kukunja, mliloshinda mkilisifia hapa ndilo hilo hilo la tapeli. Msitume hata senti.

Iliyotumaliza ni picha moja. Boneti juu, kibati cha bodi kinachotaja aina ya gari kimepigwa picha karibu kabisa, kinasomeka bila miwani: STYLE 59-6467E. Hiyo 6467E ndiyo Eldorado Biarritz, na Cadillac walitengeneza 1,320 tu mwaka huo. Kabureta tatu zimepangwa mstari juu ya injini ya inchi za ujazo 390, zinang'aa kama sufuria za harusi. Mkanda mpana wa kromu umelala ubavuni hadi kwenye mapezi. Nani asingeamini? Namba ya gari kwenye kadi ilianza na 59F. Tuliiona, wallahi tuliiona! Tapeli akajibu kwa upole kwamba karani wa zamani alikosea herufi. Tukameza. Arbuni ikaenda.

Hakuna karani aliyekosea. 59E ni Biarritz. 59F ni Series 62, nayo ya paa la kukunja, ila hizo zilitoka 11,130. Zile kabureta tatu zenye nguvu za farasi 345 mteja aliweza kuziagiza hata kwenye Cadillac nyingine, kwa hiyo hazithibitishi kitu. Kromu huvuliwa kwenye Eldorado Seville, ndugu yake wa paa gumu, iliyooza. Kibati huchongwa upya. Kazi ya wiki chache, na bei inapanda makumi ya maelfu ya dola. Mwizi mkubwa! Huyu si wa kurudisha pesa akaachwa, ni wa kufungwa, na fundi aliyemchongea kibati afuatane naye.

Haya, mnaokwenda kukagua. Riveti za kibati cha gari hili zilikuwa mpya, kana kwamba zimepigwa jana. Namba iliyogongwa kwenye chesisi imezikwa chini ya rangi nzito ya lami. Tina ya kuyeyusha rangi na brashi ya waya vikaitoa, nayo ni ya 59F. Springi za chuma nyuma peke yake zisiwatishe: Biarritz ilitoka kiwandani na mifuko ya hewa, ikawa inavuja, wenye magari wengi wakaitupa. Kinachotisha zaidi ni kizingiti cha chini ya mlango. Chesisi ya gari hili ina umbo la X, haina mihimili ya pembeni, hivyo kizingiti kikioza bodi inalegea. Pitisheni sumaku iliyofungwa kitambaa: kwenye gari hili ilianguka mara tatu, si bati bali puti tupu ya kuzibia mashimo. Kisha pigeni jeki nyuma, mfungue mlango, mjaribu kuufunga. Ukigoma, ondokeni.

Na video iwe moja isiyokatwa, kutoka namba ya chesisi iliyokwanguliwa hadi kibati. Picha moja moja za huyu bwana hazifai.

Mwenye picha za gari hili kabla halijapakwa rangi nyekundu anitumie leo. Polisi wanazitaka.