Tahadhari: Muuzaji wa "magari ya sinema" anayewalenga wazungumzaji wa Kiswahili ughaibuni

Ndugu zangu, naandika tahadhari hii kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, Kanada na nchi za Ghuba, hasa wapenzi wa magari ya zamani, kwa sababu yupo mtu anayepita katika makundi yetu ya WhatsApp akiuza magari anayodai kwamba yalitumika katika filamu maarufu. Mimi na wenzangu wawili tulimpa arubuni ya dola 2,000 na hatujaziona tena. Jina lake silitaji kwa kuwa suala hili liko mikononi mwa polisi, na hata ningelitaja lisingewafaa, maana katika miezi minne tuliyomfahamu ametumia majina matatu. Kitakachowafaa ni kuijua njia anayoitumia, na kuijua historia ya kweli ya magari anayoyafanya chambo.

Mtu huyu anazungumza Kiswahili kizuri chenye lafudhi ya pwani. Anakuita "kaka" au "dada", anauliza habari za nyumbani, anakupa pole ukifiwa, na wiki nzima inaweza kupita kabla hajataja biashara. Kwetu alikuja na Ford Mustang ya mwaka 1968 yenye rangi ya kijani iliyokolea, akisema ni gari la tatu kati ya yale yaliyotumika katika filamu ya Bullitt, ambamo Steve McQueen anafukuzana na wauaji kwenye vilima vya San Francisco. Alitaka dola 48,000. Tulipomuuliza kwa nini gari la namna hiyo liuzwe kwa bei hiyo, alijibu kwamba mwenyewe amefariki, kwamba mjane hajui thamani yake, na kwamba anataka kuliuza kabla ndugu wa marehemu hawajaanza kugombania urithi. Alituma picha arobaini, video ya injini ikinguruma, na cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu kilichoandikwa kwa jina la studio. Siku tuliyositasita alituambia kwamba yuko mnunuzi kutoka Dubai anayefika Ijumaa na fedha taslimu. Sisi tulituma arubuni Jumatano usiku.

Tulitazama rangi, magurudumu na cheti, tukaacha kuitazama namba ya chasisi. Niliiomba namba hiyo baada ya fedha kwenda, naye akaituma bila wasiwasi wowote, nadhani kwa kuamini kwamba hatujui kuisoma. Ilianza na 8T02C. Kwa Mustang ya mwaka huo, tarakimu ya kwanza ni mwaka wa modeli, herufi inayofuata ni kiwanda, 02 ni bodi yenye paa la kuteremka hadi nyuma, na herufi ya tano ni injini. T ni kiwanda cha Metuchen, New Jersey, na C ni injini ndogo ya inchi za ujazo 289. Magari ya Bullitt yalitoka kiwanda cha San Jose, California, ambacho herufi yake ni R, yakiwa na injini kubwa ya 390 ambayo herufi yake ni S. Herufi mbili tu zilitosha kuonyesha kwamba gari lile halikuwa na uhusiano wowote na filamu hiyo.

Isitoshe, hakuna "gari la tatu". Mustang zilizotumika kupiga picha filamu ile zilikuwa mbili, na namba zake zinafuatana: 8R02S125558 ndiyo iliyorushwa na kugongwa katika michezo ya hatari, na 8R02S125559 ndiyo aliyoendesha McQueen mwenyewe. Hii ya pili, baada ya filamu, ilinunuliwa na mfanyakazi wa studio, kisha ikapita kwa mpelelezi wa polisi aliyeipeleka New Jersey, na mwaka 1974 ikanunuliwa na Robert Kiernan kwa dola 6,000 kutokana na tangazo la jaridani. Familia hiyo iliitumia kama gari la kawaida la nyumbani, na mke wa Kiernan, aliyekuwa mwalimu, alikuwa akiiendesha kwenda shuleni. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliandika barua kuomba auziwe, na hakuuziwa. Gari likakaa limefichwa kwa miongo kadhaa hadi Januari 2018, mtoto wa Kiernan alipolionyesha hadharani Detroit. Tarehe 10 Januari 2020, katika mnada wa kampuni ya Mecum huko Kissimmee, Florida, nyundo ilipigwa kwenye dola milioni 3.4, na pamoja na ada za mnada bei ikafika dola milioni 3.74.

Naieleza historia hii kwa urefu kwa sababu kilicholipiwa mamilioni hayo ni mfululizo wa ushahidi. Kila mmiliki anajulikana, barua ya McQueen ipo, na chini ya gari bado vipo vishikio vya kamera vilivyochomelewa wakati wa kupiga picha. Rangi haikusaidia chochote, kwa kuwa ilikuwa imechakaa na kutiwa michubuko. Ukiona "gari la sinema" linalong'aa kama limetoka dukani jana, huku karatasi yake pekee ikiwa cheti kilichochapishwa mwaka huu, jiulize miaka hamsini iliyopita lilikuwa wapi na nani alikuwa analilipia bima.

Najua mtakachosema, kwa kuwa sisi pia tulikisema: mbona magari mengine yameokotwa majalalani? Ni kweli, na hapo ndipo tapeli huyu anapopatia nguvu. Ile Mustang ya kwanza, ya kurushwa, ilidhaniwa kuwa ilishapelekwa kwenye chuma chakavu, lakini ikaja kupatikana Baja California nchini Mexico, imepakwa rangi nyeupe, haina injini, na aliyeinunua alikuwa anataka kuigeuza iwe nakala ya Mustang ya filamu nyingine kabisa. Habari zake zilienea mwaka 2017. Vilevile ile Lotus nyeupe iliyogeuka nyambizi katika filamu ya James Bond ya mwaka 1977 ilisahauliwa ndani ya ghala la kukodi huko Long Island, New York, na mwaka 1989 mtu akanunua vitu vya ghala hilo bila kuviona, kwa chini ya dola 100. Mwaka 2013 iliuzwa London kwa zaidi ya pauni 500,000 na mnunuzi akawa Elon Musk. Visa hivi ni vya kweli. Lakini katika vyote viwili kitu kilichunguzwa na wataalamu kabla hakijaitwa halisi. Ile ya Mexico ilichunguzwa na Kevin Marti, mtaalamu wa kumbukumbu za Ford, aliyelinganisha namba na alama za kwenye bodi ya gari: minara ya springi (sehemu za bodi zinazobeba springi za mbele) iliyoongezewa nguvu na matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya vifaa vya filamu. Kisa cha kuokotwa jalalani bila uchunguzi wa namna hiyo ni ngano.

Jambo la pili ambalo muuzaji huyu hulichanganya kwa makusudi ni neno "lilitumika". Yapo magari yaliyoonekana kwenye skrini, yapo yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuitangaza filamu, na zipo nakala zilizotengenezwa na wapenzi miaka mingi baadaye. Mfano mzuri ni Aston Martin DB5, gari la James Bond. Katika filamu ya Goldfinger ya mwaka 1964 zilitumika mbili, kisha zikaagizwa nyingine mbili za kuzungushwa Marekani kuitangaza filamu iliyofuata, Thunderball. Mojawapo ya hizo za matangazo, ambayo haikuonekana katika filamu hata dakika moja, ilikaa miaka mingi katika makumbusho ya Pigeon Forge, Tennessee, na mwaka 2019 iliuzwa mnadani huko Monterey kwa dola milioni 6.385. Wauzaji walisema wazi kwamba ni gari la matangazo, na bei haikuanguka. Mtu mwenye gari la kweli hana sababu ya kuficha lilikuwa la aina gani. Nilipomuuliza mtu wetu kama Mustang yake ilionekana kwenye skrini, na katika sehemu gani ya filamu, alijibu kwamba "ilikuwa pale pale kwenye uzalishaji", na siku iliyofuata akaanza kusema ilikuwa "ya akiba".

Hata lile lililoonekana kwenye skrini huenda lisiwe aina unayoidhani. Katika filamu ya Christine ya mwaka 1983 gari linaloua watu ni Plymouth Fury ya mwaka 1958 nyekundu, lakini Fury ya mwaka huo ilitoka kiwandani kwa rangi ya maziwa tu, na mengi ya magari yaliyotumika na kuharibiwa yalikuwa Belvedere na Savoy, aina nyingine za Plymouth, zilizovishwa mapambo ya Fury. Ferrari inayovunjwa katika Ferris Bueller's Day Off haikuwa Ferrari. Zilikuwa nakala za bodi ya faiba. Kwa hiyo mtu akikuuzia Fury "halisi ya Christine" kwa hoja kwamba ni Fury nyekundu, hoja yenyewe inamkana.

Kwa wale walioko Muscat na Nairobi, ambao najua wawili wameshafuatwa: mnaonyeshwa Toyota Supra ya rangi ya machungwa inayodaiwa kutoka The Fast and the Furious ya mwaka 2001. Picha nilizoletewa zinaonyesha usukani upande wa kulia, ilhali Supra aliyoendesha Paul Walker katika filamu hiyo ilikuwa na usukani wa kushoto, kama magari mengine ya soko la Marekani. Moja ya zile za kweli iliuzwa mnadani Las Vegas Juni 2021 kwa dola 550,000. Huyu anaomba 35,000. Kwa ndugu wa Nairobi ameahidi kuishusha Mombasa "na karatasi zote", wakati Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane. Ahadi hiyo peke yake ilitosha kumfichua.

Ipo hatari nyingine kubwa kuliko kuuziwa nakala, nayo ni kuuziwa mali ya wizi. Ile DB5 ya Goldfinger iliyokuwa na vifaa vya kijasusi iliibwa mwaka 1997 kutoka kwenye banda la ndege huko Boca Raton, Florida, na wapelelezi wa mali zilizoibwa wameendelea kuisaka kwa miaka mingi. Anayenunua gari la wizi hapati umiliki kwa sababu tu amelipa, na kwa sheria ya shirikisho la Marekani kuondoa au kubadilisha namba ya gari ni kosa la jinai. Gari ambalo muuzaji anaificha namba yake lisikufikie nyumbani.

Kabla ya kutoa hata senti, omba picha ya namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Kwa Mustang ya mwaka 1968 namba hiyo imegongwa kwenye bati la ndani la madigadi, upande wa dereva, chini ya boneti, na nyingine huonekana kupitia kioo cha mbele upande wa abiria. Kibao cha mlangoni kisikutoshe, kwa sababu vibao vipya vinatengenezwa na kuuzwa. Kwa Ford za kuanzia mwaka wa modeli 1967, kampuni ya Marti Auto Works ya Arizona inazo kumbukumbu za kiwanda, na kwa ada ndogo itakuambia gari lilitoka na injini gani na rangi gani. Msitegemee tovuti za kawaida za kukagua namba, kwa kuwa nyingi zinataka namba yenye herufi na tarakimu 17, utaratibu ulioanza na magari ya mwaka 1981. Gari la zamani lina namba fupi, tovuti inakataa, na muuzaji anakuambia "unaona, ni gari maalumu". Hayo ndiyo maneno aliyotuambia.

Halafu mtu aende akaliguse gari. Sisi tulikuwa na jamaa anayeishi saa mbili tu kutoka kwenye godauni alilodai kwamba gari limehifadhiwa, na hatukumwomba aende. Alipokwenda baadaye alikuta duka la kufulia nguo.

Waliokwisha kulipa wasione haya. Ipigieni benki simu siku hiyo hiyo, mtoe taarifa polisi mnakoishi, na kwa walioko Marekani mwasilishe malalamiko kwenye kituo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni, IC3. Msifute mazungumzo hata kama yanawauma kuyasoma. Sauti alizotuma na namba za akaunti ndizo zilizowawezesha polisi kuunganisha kesi yetu na ya mama mmoja wa Ohio aliyepoteza zaidi yetu.

Wiki iliyopita Mustang ile ile imeanza kuzungushwa tena, safari hii ikiitwa gari la "mpiga picha mkuu". Mtaitambua kwa ufa mwembamba kwenye kioo cha mbele upande wa abiria, kofia moja ya gurudumu la nyuma isiyofanana na nyingine, na ukuta wa matofali uliopakwa rangi ya samawati hadi nusu. Katika picha mpya namba ya chasisi imefunikwa kwa kidole gumba. Ukitumiwa picha hizo usimjibu. Zihifadhi pamoja na namba ya simu iliyozituma, uzipeleke polisi.