Ua la Kwanza la Kununua Ukiishi Kwenye Joto: Kuanzia la Kuaminika Hadi la Kuacha Dukani

Muuza maua wa kando ya barabara anajua anachokifanya: mbele kabisa hupanga miche iliyochanua, yenye rangi za kukusimamisha. Anayeanza hununua kwa macho. Ukifika mwezi wa pili, kiangazi kimekaza na bomba halijatoa maji siku kadhaa, anabaki na kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, chenye kijiti. Ndiyo maana orodha hii sikuipanga kwa uzuri. Nimeipanga kwa swali moja: ukienda msibani mkoani ukarudi baada ya wiki, utalikuta hai? Naizungumzia pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara na visiwani. Watu wa Lushoto na Limuru wana baridi yao na orodha yao.

Namba moja ni bogonvilia, na sioni mpinzani. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini jua letu limeikubali kabisa. Ile rangi unayoiona si ua; ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe kilicho katikati, na ndiyo sababu rangi hukaa wiki nyingi bila kupukutika. Inataka jua kali, angalau saa sita kwa siku, na inachanua vizuri zaidi udongo ukikauka kati ya mwagilio mmoja na mwingine. Wengi huikosea kwa mapenzi: maji kila jioni, samadi kila mwezi, halafu wanalalamika kwamba imejaa majani matupu. Iache ione kiu kidogo. Zambarau ndiyo ngumu kuliko zote, kwa hiyo anza nayo, na nyeupe na ya chungwa zije baadaye. Mizizi yake haipendi kusumbuliwa, hivyo wakati wa kupanda chana kiriba kwa wembe, usivute shina. Ina miiba, usiiweke pale watoto wanapopita wakikimbia.

Inafuata vinka, kile kiua cha waridi au cheupe chenye petali tano kinachojiotea chenyewe hata kwenye mchanga wa ufukweni. Asili yake ni Madagaska. Ni miongoni mwa miche rahisi kabisa sokoni, inachanua karibu mwaka mzima, na mbegu zake zikidondoka unapata mingine bure. Adui yake ni maji yaliyotuama. Kwenye masika, chungu kisichotobolewa chini kitaiozesha ndani ya siku chache. Dawa za saratani kama vinkristini hutokana na mmea huu, na wapo wanaosikia hivyo wakaanza kuchemsha majani nyumbani. Tafadhali, usithubutu, una sumu.

Namba tatu naipa waridi la jangwani, hasa kwa mtu wa ghorofani mwenye kibaraza tu. Si waridi la kweli, na wala si mgeni: huota lenyewe katika maeneo makavu ya Kenya na Tanzania. Lile shina nene la chini ni ghala la maji, ndiyo maana ukilisahau halikudai. Bei yake iko juu, na shina likinenepa bei nayo hunenepa. Kabla ya kulipa, bonyeza shina kwa kidole gumba. Likiwa gumu, chukua. Likibonyea, limeanza kuoza ndani hata kama juu limechanua. Utomvu wake ni sumu, zamani ulitumika kwenye mishale, kwa hiyo nawa mikono ukishalikata.

Asmini ningependa kuiweka juu zaidi, lakini swali langu la msibani linanizuia: wiki bila maji wakati wa kiangazi inaweza kuiua ikiwa chunguni. Hata hivyo, nyumba ya pwani bila asmini ina upungufu. Vitumba huchumwa alasiri, vikafunguka giza likiingia, na hapo ndipo kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, hupatikana. Inakubali kivuli cha nusu siku na inapenda samadi iliyooza vizuri. Ila kabla ya kutoa pesa, chungulia kwa majirani. Mama mwenye kichaka cha asmini hakosi kukukatia pingili masika yakianza, na pingili hiyo tayari imezoea udongo wa mtaa wenu.

Haibiskasi inakuja ya tano. Inakua haraka na inafaa kwa uzio wa nyumba, lakini kila ua hunyauka baada ya siku moja hivi, na vidudu vyeupe vyenye utando wa pamba huipenda mno. Geuza majani utazame chini yake kabla hujanunua.

Kwa mche wowote, yapo mambo mawili ya kukagua. Inua kiriba: mizizi ikiwa imetoboa na kuzama ardhini, itakatika ukiuondoa, na mche utadumaa. Kisha shika shina ulivute kidogo sana. Likicheza, huenda ni pingili iliyochomekwa juzi, haina mizizi bado. Na kati ya mche uliochanua wote na wenye vitumba, chukua wenye vitumba. Nunua mvua za masika au vuli zinapoanza, usinunue Januari.

Mwisho kabisa ni mwaridi, ule unaoombwa kuliko yote. Mashamba makubwa ya mawaridi ya Kenya yako Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwenye usiku wa baridi. Pwani joto huyafanya maua yawe madogo na yapukutike mapema, na maji ya kisima yenye chumvi huunguza kingo za majani. Kama roho haitulii, nunua mmoja tu, uupande kwenye chungu kikubwa cha udongo, uuweke upande unaopata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa sita, na umwagilie maji ya mvua uliyokinga.