Chokaa ya mawe kwenye hadiwea ya karibu na stendi: mzigo upo, utunzaji ndo shida

Mafundi na walimu wenzangu wa kemia mnaotafuta chokaa ambayo haijazimwa (haijatiwa maji bado), ile ya mawe, hapa ipo kweli, sio kama kwingine ukiomba chokaa unapewa unga wa kupaka ukuta. Nawapa nyota nne.

Mimi nachukulia kidato cha tatu tukifika kubalansi ikwesheni. Jiwe kwenye sufuria, maji kidogo kidogo, linatulia mpaka wanafunzi wanaanza kunicheka, halafu ghafla linapasuka, mvuke juu, sufuria haishikiki. Ndo CaO + H2O → Ca(OH)2 hiyo, yaani chokaa ya mawe na maji inakuwa chokaa iliyozimwa. Na hapo wala hakuna cha kubalansi, kalsiamu moja huku moja kule, oksijeni mbili mbili, haidrojeni mbili mbili, ila kwenye mtihani utakuta mtu kajaza 2 kila mahali kisa swali limesema balansi, mwingine kaandika CaOH halafu anahangaika weee, wakati kalsiamu valensi yake ni 2 kwa hiyo OH lazima ziwe mbili. Wanaotaka kuumiza kichwa wape kalsiamu yenyewe, Ca + 2H2O → Ca(OH)2 + H2, hapo 2 ina kazi.

Sasa ikwesheni hiyo hiyo inakuonesha hela yako inaenda wapi. Kwa uzito wa molekuli CaO ni 56, maji 18, jumla 74, yaani kilo 56 za mawe ukizizima zinakuwa kilo 74. Anayekuuzia iliyozimwa tayari kwa kilo, karibu robo ya uzito ni maji! Hapa mawe na unga (iliyozimwa) bei moja kwa kilo so chukua mawe uzime mwenyewe (nisisikie kapandisha bei baada ya kusoma hapa 😂).

Nyota niliyokata ni ya utunzaji. Viroba viko wazi, chini sakafuni, na unyevu wetu huu wa pwani chokaa inajizima yenyewe polepole, ikikaa zaidi inavuta kaboni dioksaidi ya hewani inarudi kuwa CaCO3, yaani kama jiwe la chokaa kabla ya kuchomwa, hiyo hata uimwagie pipa haipati joto. Mwisho wa masika nilipewa kiroba nusu nzima vumbi, nikarudisha, wakabadilisha bila maneno, hapo nawasifu. Chagua mawe magumu, na ukiomba kujaribu kipande kwa matone ya maji wanakuruhusu.

Ndoo ya plastiki msithubutu, kilo moja ikizimika inatoa joto la kuchemsha lita tatu na ushee za maji. Halafu mwenye duka, yule kijana anayepakua mnunulie miwani na glavu, vumbi lile likiingia jichoni linazimikia humo humo.

Jumapili wanafungua mchana, M-Pesa wanapokea.