Fundi picha wa Mji Mkongwe Bagamoyo: mkono anao, kufunga mzigo ndo shida

Anayetafuta mtu wa kumchorea mzee picha ya rangi ya mafuta, ile rasmi ya kutundika sebuleni, huyu jamaa wa Mji Mkongwe nampa nyota nne. Tulitaka picha ya baba mkwe, tukamwambia fundi we mkalishe kifalme tu. Kabla hata ya bei akatoa printi ya Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyoichora Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, yenyewe iko makumbusho ya Louvre, Paris, na inakaribia mita 2.8 kwenda juu, akauliza mnaona nini. Nikasema naona wigi na mapazia 😂 Akasema haya, anza na miguu.

Kumbe kweli bwana. Mfalme ana miaka 63, uso umeshachoka, ila miguu ya kijana, soksi nyeupe, mmoja kautanguliza kama anaingia uwanjani kucheza, maana ujanani baleti alicheza kwelikweli na hakutaka watu wasahau. Visigino vyekundu, fasheni ya wakubwa wa ikulu. Joho la buluu limejaa maua ya dhahabu, nembo ya ufalme wao. Fimbo ya enzi kaigeuza kichwa chini kaiegemea kama bakora, taji kaliweka pembeni kwenye mto wala halitazami, mtu aliyezaliwa nayo hayo hana haja ya kuyashikilia. Picha yenyewe ilikuwa aende nayo mjukuu wake aliyekuwa mfalme wa Hispania, babu akaipenda akabaki nayo.

Ndo fundi akauliza, sasa mzee wenu anajulikana kwa nini? Basi badala ya ile nguzo kubwa ya marumaru iliyo nyuma ya mfalme katuwekea mlango wa nakshi, mzee kavaa joho na kilemba, mkono kwenye bakora yake ile ile. Tarizi ya joho ukiwa mbali unaapa ni dhahabu, sogea karibu ni rangi ya udongo na vidoti vya njano mpauko basi.

Kilichomnyima ya tano: kaifunga nailoni rangi haijakauka, na unyevu huu wa pwani, nailoni ikang'ang'ania kwenye kilemba. Kairudia bure, sawa, lakini shughuli tuliyoitakia picha ilishapita. Agizeni miezi kabla, na vanishi msimkubalie aipige haraka, rangi ya mafuta inataka miezi ikauke mpaka ndani. Mzee yeye analalamikia mvi tu, eti zimezidi.