Mzunguko mmoja, mishono mitatu: cherehani ya mkono kwa mfarishi wa leso

Ukitaka cherehani ya kushonea mfarishi nyumbani hapa Mombasa, chukua ya mkono: ile nyeusi ya chuma yenye kipini upande wa kulia, isiyo na pedali wala waya wa stima. Hukumu hii ni ya kazi moja tu, viraka vya leso (kanga) vilivyoungwa, vikatiwa kitambaa cha kati na cha mgongo, kisha tabaka zote tatu zikashonwa pamoja. Fundi wa barazani anayepinda leso kuanzia asubuhi hadi magharibi itamchelewesha, huyo ya pedali ndiyo yake. Lakini mtu aliyefungiwa ndani, anayetaka mikono ishughulike na moyo upoe, hapati chombo bora kuliko hiki.

Kipimo chetu ni mwaka 2020, wakati wa korona. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake, na Idi ikaja watu wakiwa bado ndani. Kazi ya mikono ya kupitisha usiku wa namna ile ina masharti yake. Isipige kelele watoto wakiwa wamelala, iendelee stima ikipotea, isidai kutoka kwenda dukani kila siku, na uweze kuiacha popote bila kuiharibu. Kofia ya viua, ile ya kutarizi kwa mkono, inatimiza hayo yote, ila huchukua wiki nyingi na huyachosha macho kwenye taa hafifu. Kusuka ukili wa mikeka nako kunatuliza sana, lakini miyaa, majani ya kusukia, lazima mtu akuletee. Leso ziko kabatini katika kila nyumba.

Sababu kubwa ya kuipenda ya mkono ni gia yake. Mzunguko mmoja wa kipini hutoa mishono mitatu hivi. Ukiweka mishono 10 kwa inchi, upande wa kiraka cha inchi 6½ una mishono 65, yaani mizunguko 22. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa, macho yako kwenye ukingo wa mguu wa cherehani. Hakuna mkono uliobaki wa kushika simu. Unahesabu hadi ishirini na mbili, unasimama, unachukua kiraka kingine, unahesabu tena. Baada ya viraka kumi hivi pumzi yenyewe inafuata kipini. Ukisimama, sindano nayo inasimama papo hapo. Cherehani ya stima huongeza mshono mmoja au miwili baada ya mguu kuachia pedali, na kwenye kona ya kiraka mishono hiyo ndiyo tofauti ya kona kukutana na kona kupishana.

Nyingi zinazouzwa ni kuukuu, Singer za zamani na Butterfly za China. Butterfly ya aina ya JA2-1 imeundwa kwa mfano wa Singer 15, kwa hiyo bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) na sindano zake ni zile za kawaida. Usidanganywe na nakshi za dhahabu zinazong'aa. Toa uzi wote, zungusha kipini polepole, usikilize. Mlio mmoja mwepesi usiobadilika ni dalili njema. Ikigota mahali palepale kila mzunguko, kuna jino la gia lililovunjika au uzi ulionaswa ndani. Uzi utatoka, jino halirudi. Gusa meno yanayosukuma kitambaa chini ya mguu: yakiwa laini kama kucha, yamekwisha. Shika gurudumu ulitikise. Likicheza kidogo ni la kukaza, likicheza sana liache. Kisha shona kitambaa mikunjo miwili, halafu minne. Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu mikunjo minne, muage kwa heri.

Sindano ndiyo inayowashinda wengi siku ya kwanza. Ina mfereji mrefu upande mmoja na ubapa upande wa pili juu. Mfereji mrefu lazima uelekee upande uzi unakoingilia. Ukiigeuza, cherehani itaruka mishono au haitashika uzi wa chini kabisa, nawe utadhani umeuziwa mbovu. Kwa kuunga viraka vya leso tumia namba 80, na kwa tabaka tatu namba 90. Usishone mifarishi miwili kwa sindano moja.

Kuhusu vitanzi. Mshono ukitoa vitanzi chini ya kitambaa, karibu kila mtu hukimbilia skrubu ya kasha la bobini. Hapo sipo. Vitanzi vya chini vinatoka kwa uzi wa juu: umelegea, au haukuingia katikati ya visahani vya mkazo, vile vinavyoubana uzi, kwa sababu ulitungwa mguu ukiwa umeshuka. Inua mguu, tunga upya kuanzia mwanzo, jaribu kwenye kitambaa chakavu. Vitanzi vikitokea juu, punguza mkazo wa uzi wa juu robo mzunguko kwanza. Skrubu ya bobini iwe ya mwisho kuguswa, na alama ya mahali ilipokuwa uiweke kwa kalamu.

Sasa leso. Mtaa wa Biashara ndio mahali pa kuzichagua kwa mkono, na mafundi wa huko huwa na vipande vilivyobaki ambavyo kwa mfarishi ni mali. Uliza pamba tupu. Ukiwa na shaka, chomoa nyuzi mbili tatu uziunguze juu ya sahani. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi, na kwa joto letu haifai kulaliwa.

Fua kila leso peke yake kwa maji baridi kabla ya kukata, hata ile mpya inayopendeza na stachi yake. Nyekundu na nyeusi hutoa rangi zaidi. Chumvi haiishikishi rangi, ingawa karibu kila nyumba wanaitia. Rudia tu hadi maji yawe meupe, kisha bana kitambaa cheupe kilicholowa juu ya leso kwa dakika kumi. Kikitoka safi, endelea.

Hesabu ya kitanda cha futi 3 kwa 6 ni hii. Viraka 9 kwa upana na 13 kwa urefu, jumla 117, kila kimoja kikatwe inchi 6½ ili kibaki 6 baada ya kuungwa. Mfarishi utatoka inchi 54 kwa 78. Leso moja ya sentimita 150 kwa 110 hutoa viraka 54, kwa hiyo leso tatu zinatosha na ziada, au tano sita tofauti ukitaka rangi nyingi. Mgongo ni jambo la kufurahisha, maana pea moja ya leso, vipande viwili vikiungwa kwa pande zao ndefu, inatoa karibu inchi 60 kwa 85. Hata ikinywea baada ya kufuliwa, kila upande hubaki inchi moja na nusu hivi ya ziada, ndiyo inayotakiwa. Pima yako kwanza, leso hazilingani. Uzi wa kuunga viraka vyote ni kama mita 100, na wa kushona tabaka kama mita 100 nyingine.

Kata kwa kufuata nyuzi za kitambaa, usifuate mstari wa chapa, kwa kuwa chapa ya leso mara nyingine imekaa upande. Kiraka kilichokatwa mshazari huvutika kama mpira na kuharibu safu nzima. Na jina la leso, yale maneno yaliyochapwa, ulitendee kwa heshima. Ukipitisha mkasi bila kuangalia, kiraka kimoja kitasema "Haba na" na kingine, kule miguuni, "haba huja". Ni afadhali kulikata jina zima kama utepe na kuliweka kichwani mwa mfarishi, pindo likazunguka pembeni, na mji wa leso, sehemu yake ya kati, ukatoa viraka vya katikati.

Mshono wa kuunga uwe milimita 6 kutoka ukingoni, usizidi wala usipungue. Bandika vipande vitatu vinne vya plasta, kimoja juu ya kingine, kwenye bamba la cherehani milimita 6 kulia kwa sindano, kitambaa kisugue ukuta huo mdogo. Usione ni ushamba. Safu ya viraka 9 ina mishono 8 ya kuunga, na kila mmoja hula pande mbili. Ukikosea milimita moja na nusu tu, mara mbili, mara nane, umepoteza milimita 24, karibu inchi nzima. Safu hiyo haitakutana na ya jirani yake hata uivute vipi. Piga pasi kila safu kabla ya kuiunga, mishono ya safu moja ikilala kulia na ya pili kushoto, ili kwenye makutano isirundikane mahali pamoja. Pasi ishushwe na kuinuliwa. Ukiiburuta, viraka vinapinda.

Tabaka la kati ndipo Mombasa inapotofautiana na nchi za baridi. Ujazo mnene wa poliesta utakufanya uutupe mfarishi sakafuni kufika saa sita ya usiku. Sufi inavutia, lakini hukusanyika mafundo na haipendi kufuliwa. Flisi huvutika chini ya mguu. Kinachofaa ni shuka kuukuu la pamba lililokwisha kunywea, au flana nyembamba kwa ajili ya usiku wa Julai na Agosti kusi ikivuma.

Tandaza mgongo sakafuni chapa ikitazama chini, juu yake shuka, juu yake viraka. Piga bandi, mishono mirefu ya muda, kwa uzi mweupe kila inchi 4, ukianzia katikati kwenda nje. Hatua hii inachosha magoti na watu huiruka. Usiiruke. Meno ya cherehani yanasukuma kitambaa cha chini tu, cha juu kinaburutwa na mguu, kwa hiyo pasipo bandi utamaliza mstari ukiwa na mkunjo mwishoni. Legeza pia skrubu ya juu ya kichwa inayokandamiza mguu.

Hapa ndipo kasoro kubwa ya chombo hiki ilipo. Nafasi chini ya mkono wa cherehani ni inchi saba hivi, na karibu nusu ya mfarishi, inchi 24 kwa mistari ya urefu na 36 kwa ya upana, lazima ikunjwe kama mkeka ipite hapo. Kwa shuka jembamba inapita, kwa ujazo mnene haipiti. Anza na mstari ulio karibu zaidi na katikati, ukunjue kadiri unavyosogea kando, ukifuata maungio ya viraka: mistari 8 ya urefu na 12 ya upana. Usigeuze mwelekeo kila mstari, viraka vitajisokota. Upande wa kushoto uegemeze kwenye kiti, kwani ukining'inia uzito wake hupinda sindano, nayo hugonga bamba na kukatika. Mstari wa inchi 78 hula zaidi ya mita mbili za uzi wa chini, angalia bobini kabla ya kuuanza. Na mkono mmoja wa kuongoza tabaka tatu ni mchache kweli. Nenda mizunguko mitano, simama, nyoosha, endelea. Anayetumia mkono wa kushoto atapata taabu zaidi, maana kipini hakihamishiki.

Hewa ya bahari nayo inataka kukumbukwa. Usiache sindano ndani ya kitambaa usiku kucha, asubuhi utakuta doa la kutu ambalo halitoki kirahisi kwenye leso nyeupe. Tone moja la mafuta ya cherehani kila tundu baada ya saa nane za kazi, kisha ushone kitambaa chakavu hadi kitoke safi. Mafuta ya nazi kamwe. Huganda karibu nyuzi 24, na usiku wa Julai unashuka chini ya hapo, kipini kikawa kizito kama kinu. Chini ya cherehani tandika busati lililokunjwa mara mbili, litameza mlio wote na wa chumba cha pili hatasikia kitu.

Ukingo wa kumalizia unahitaji inchi 264 na kidogo cha kuungia: tepe tano za upana wa inchi 2¼, zilizokatwa kwa urefu wa leso moja. Upande wa mbele ushone kwa cherehani, wa nyuma kwa mkono na kastabini, mishono midogo isiyoonekana. Jioni tatu zinatosha kwa ukingo huo.