Gari ya turbo inagonga ukipandisha mlima, ununue kifaa gani cha kufuatilia noki sensa

Wakuu wenye Subaru Forester za turbo hapa Dodoma, tupo kama mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, turbo inakaza kujazia ule upungufu, sasa weka na jua la Oktoba, hewa inaingia ya moto, unakanyaga gia ya nne mzunguko ukiwa chini halafu unasikia kama vimawe vinatikiswa kwenye kopo. Hiyo ndio noki, yaani mafuta yanalipuka ovyo yenyewe ndani ya silinda, na ukiizoea siku moja pistoni inapasuka.

Noki sensa kazi yake ni kugeuza mtikiso wa bloku kuwa volti ndogo, kwa EJ20 (injini ya hizo Forester) yenye silinda ya milimita 92 ule mlio unaangukia kilohezi 6 na kidogo. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) inachuja makelele mengine, ikijiridhisha ni noki inarudisha taimingi nyuma, yaani inachelewesha cheche ya plagi. Kwahiyo cha kununua ni kinachokuonyesha kontroli boksi imeamua nini, volti peke yake haikusaidii kitu, na hapa ndio wengi tunapigwa.

Kwa Subaru mimi naweka Tactrix Openport 2.0, kebo ya kuunganisha laptop na kompyuta ya gari, namba moja bila ubishi. Unachomeka chini ya usukani, laptop yenye programu ya RomRaider (hiyo ni ya bure), unaona nyuzi (digrii) ngapi za taimingi zimekatwa sasa hivi na zipi kompyuta ilishajifunza kukata toka zamani, pamoja na ile IAM, namba inayoonyesha kompyuta inaiamini taimingi kiasi gani, kwa kompyuta za biti 32 ikiwa 1 upo salama, ikianza kushuka punguza mguu ukatafute tatizo. Bei yake kama fultenki tatu za Forester na ushuru bado, inauma, ila hata gari ukiuza unabaki nayo, ukienda Singida ukarekodi mlima Sekenke unarudi na faili la kumwonyesha fundi badala ya kubishana nae.

Namba mbili ni kidude cha ELM327 cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, na simu. Bei ya kuku wawili wa kienyeji. App ya BtSsm inasoma Subaru nyingi, Torque kwa gari zingine itakupa taimingi tu, noki yenyewe haimo kwenye data za kawaida za OBD2 (lugha ya pamoja ya kompyuta za magari), kwahiyo unabaki kukisia pale taimingi inapodondoka ghafla ukiwa umekanyaga. Cha kwanza nilichonunua mimi kilikuwa feki, kinaunganika vizuri kabisa halafu hakijibu, nikailaumu gari wiki nzima jamani. Mjaribishe muuzaji kwenye gari yako kabla hujatoa hela, na gari za Japani za zamani zingine hazizungumzi OBD2 kabisa.

Wenye Toyota Chaser za injini ya 1JZ za miaka ya 90 msihangaike na hizo mbili, nyie mnafunga sensa ya pili ya Bosch kwenye bloku, boliti ya M8, kaza Nm 20, chuma kwa chuma bila washa (kile kipete cha bati cha boliti), inaenda kwenye amplifaya na hedifoni. Kuna vya kisasa kama Phormula na Plex vyenye skrini, vitamu ila ghali. Sikio linataka mazoezi, na dereva awe mtu mwingine, usivae hedifoni huku unaendesha barabara ya Morogoro na malori yale.

Oskiloskopu ya mkononi, kile kifaa kinachochora volti kwenye skrini, mwachie fundi umeme, hiyo ni ya kujua sensa au waya vimekufa.

Kabla ya kununua chochote lakini, ingia chini ya gari utikise zile bati za kukinga joto la ekzosi. Ikilegea moja tu sensa inadanganyika, unakatwa nguvu bure. Na fundi akikwambia "chomoa tu hiyo sensa bosi, taa ya injini itazimika", mkatalie, ukichomoa taa ndio inawaka na kompyuta inarudisha taimingi muda wote, gari inakuwa nzito kama imebeba zabibu za Mpunguzi.